Busara ya Kupachika

Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri zinazotekelezwa na prosesa, hupewa kazi nyingi, lakini ni chache zinazodai busara kama kuamua ni fankisheni ipi, yaani kipande cha programu chenye jina na shughuli yake maalumu, mwili wake unakiliwe na kupachikwa pale pale inapoitwa. Kila wito una gharama, kwani thamani hupangwa katika rejista na prosesa huruka hadi anwani nyingine kisha hurudi; hata hivyo, faida kubwa ya kupachika ni kwamba kompaila hupata kuona pande zote mbili kwa pamoja, hivyo fankisheni ikipewa 0, na ndani yake mna sharti linalouliza kama thamani hiyo ni 0, jibu hupatikana kabla programu haijaendeshwa na tawi lisilohitajika hufutwa.

Kupachika kila kitu hakufai, kwa sababu nakala zikizidi huvimbisha programu, na kache ya amri, ile kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa, hujaa upesi. Wala haiwezekani kujaribu kila njia: programu yenye sehemu 30 tu za wito ina michanganyiko zaidi ya bilioni moja ya kupachika na kutopachika.

Hapo ndipo ustadi wa LLVM, mradi wa kompaila ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, unapostahili sifa. Kwa kawaida kila amri huhesabiwa gharama ya 5, kizingiti ambacho jumla ya gharama haipaswi kukifikia ili fankisheni ipachikwe kikiwa 225, nacho hushuka hadi 45 pale wito unapojulikana kuwa nadra. Lakini uzuri wenyewe umo katika namna ya kuhesabu, kwani kompaila huupitia mwili wa fankisheni ikizingatia thamani zinazojulikana, ikaacha kuhesabu amri zitakazotoweka, na hivyo hupima kile kitakachobaki baada ya kazi ambayo bado haijafanywa. Tena huanza na fankisheni zinazoitwa kabla ya zile zinazoziita, ili kila kinachopimwa kiwe kimekwisha kurahisishwa.

Namba hizo zilitokana na majaribio ya wahandisi, wala si kanuni ya hisabati, na uvumilivu huo wa kupima na kurekebisha ni wa kuheshimiwa. Mtunzi wa programu katika lugha ya C anaweza kuomba fankisheni yake ipachikwe, lakini ombi hilo katika LLVM hupandisha kizingiti hadi 325 tu, na uamuzi hubaki kwa kompaila.