Chemko Lisilosikika: Rekodi za Fanki Zilizopuuzwa na Asili ya Hip Hop kwa Mtazamo wa Tanzania

1.0 Utangulizi

Tahakiki nyingi za bongo fleva huanza na maneno: nani alighani kwanza kwa Kiswahili, kwa mtindo gani na kwa ujumbe upi. Mkabala huo una tija kwa fasihi, lakini unaacha nje kile ambacho maneno hayo yameegemea, yaani mapigo. Tahakiki hii inajenga hoja kwamba hip hop ilichipuka katika rekodi za fanki ambazo soko lilizipuuza, na kwamba muziki huo uliingia Tanzania mara mbili: kwanza waziwazi, ukapigwa marufuku, kisha kwa kificho, ndani ya rap.

2.0 Upande wa Pili wa Santuri

Tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alipiga muziki katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake huko 1520 Sedgwick Avenue, Bronx. Alikuwa amebaini kwamba wachezaji husubiri kipande kifupi ambamo waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake. Kwa kutumia nakala mbili za santuri moja, alikirefusha kipande hicho apendavyo. Miongoni mwa santuri alizozipa uhai mpya ni "Apache" ya Incredible Bongo Band (1973), kundi la wanamuziki wa studio.

Mfano ulio bayana zaidi ni wa The Winstons. Mwaka 1969 walitoa "Color Him Father", wimbo ulioshinda tuzo ya Grammy. Upande wa pili wa santuri hiyo uliwekwa "Amen, Brother", ambamo Gregory Coleman anapiga ngoma peke yake kwa sekunde chache. Sekunde hizo zimetumika katika rekodi zisizohesabika, ikiwamo "Straight Outta Compton" ya N.W.A (1988). Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa mrabaha kwa matumizi hayo. "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kameruni (1972) nayo ilikuwa upande wa pili, nyuma ya wimbo wa kushangilia timu ya taifa ya kandanda, hadi madijei wa New York walipoiokota. Hivyo basi, tuzo na soko si vigezo vya kutosha vya kupimia athari ya rekodi.

3.0 Chemko na Tatizo la Chombo

Muziki wa dansi wa Tanzania una sehemu inayolingana na kipande hicho. Baada ya beti kuimbwa taratibu, wimbo huingia kwenye chemko: mwendo huongezeka, maneno hupungua, magitaa na ngoma hushika hatamu. Wakongo huiita sebene. Haidaiwi hapa kwamba chemko lilizaa hip hop. Swali la kitahakiki ni kwa nini chemko halikukatwa na kurudiwarudiwa kama ilivyofanywa Bronx.

Sababu mojawapo ni chombo. Bendi zetu nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam katika kanda za sumaku, ambazo zilikuwa mali ya redio. Bendi iliyotaka santuri mara nyingi ililazimika kwenda Nairobi. Kijana hawezi kuzungusha kwa mkono wimbo uliofungiwa ghalani.

4.0 Marufuku na Marejeo

Sababu nyingine ni siasa ya utamaduni. Novemba 1969, miezi kumi na moja tangu Operesheni Vijana ianze, muziki wa soul, mzazi wa fanki, ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Hata hivyo, vionjo hivyo havikutoweka. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyochanganya roki, fanki na mahadhi ya Kiafrika, ilitoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Albamu hiyo ilipata wasikilizaji wengi wapya ilipotolewa tena Ulaya mwaka 2016.

Saleh Jabir alipoghani Kiswahili juu ya mapigo ya Kimarekani mwaka 1991, vijana wengi walipokea pamoja na rap urithi wa fanki bila kuutambua, kwa kuwa mapigo mengi ya rap ya wakati huo yalikatwa kutoka humo. Hata jina la P-Funk Majani, mtayarishaji aliyeunda sauti ya bongo fleva, linabeba ukoo huo.

5.0 Hitimisho: Singida Imo Wapi?

Masimulizi haya yote yanatoka mijini. Lakini katika Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, Wagogo wana muheme, ngoma zipigwazo na wanawake wakizibana mapajani. Ni ngoma zenye mapigo yanayoingiliana kwa ustadi ambao msaka mapigo yeyote angeutamani. X Plastaz wa Arusha walikwisha kuonesha, kupitia albamu ya Maasai Hip Hop (2004), kwamba sauti ya jadi inaweza kuwa msingi wa rap badala ya kuwa pambo lake.

Tahakiki hii inapendekeza mambo mawili. Mosi, kanda za zamani ziorodheshwe na kuhamishiwa kwenye mfumo wa dijiti kabla sumaku haijafutika. Pili, majina ya wapigaji yaandikwe pamoja na ya waimbaji. Kanda ikiokolewa bila jina la mpigaji, kisa cha Coleman kitajirudia Manyoni.