Upekuzi, Utwaaji na Upokeaji: Uhakiki wa Istilahi za Mahakama

Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani nchini Tanzania. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimeshika nafasi yake katika Mahakama za Mwanzo. Katika mahakama za juu zaidi shahidi alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, na maneno yenyewe ya shahidi yakapotea. Badiliko hilo ni ushindi mkubwa wa lugha yetu, lakini limetuletea wajibu mpya. Zamani neno la Kiswahili likilegea, lilikuwapo neno la Kiingereza nyuma yake la kulishikilia. Sasa halipo.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi za eneo moja tu la sheria ya jinai, yaani upekuzi unaofanywa na polisi na utwaaji wa vitu vinavyopatikana katika upekuzi huo. Tumelichagua eneo hilo kwa sababu mahakama hutakiwa kujibu maswali matatu yaliyo mbalimbali. Kwanza, je, askari alikuwa na mamlaka ya kupekua? Pili, je, alifuata utaratibu uliowekwa? Tatu, je, kitu alichokipata kipokewe kuwa ushahidi? Mtu anaweza kufungwa miaka mingi, au kurudi nyumbani kwake, kwa sababu ya jibu la swali mojawapo. Lugha inayoyachanganya maswali hayo humdhulumu mshtakiwa mara moja, na mara nyingine humdhulumu mlalamikaji.

Msako, ukaguzi na upekuzi

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba ni mamoja, nayo si mamoja. Msako hufanywa katika eneo, kumtafuta mtu au mali isiyojulikana ilipo. Ndiyo maana husemwa kwamba polisi wameendesha msako wa majambazi mtaa mzima. Ukaguzi ni kutazama kama mambo yako sawa, wala hauhitaji tuhuma: bwana afya hukagua jiko la mkahawa. Upekuzi ni kufunua kilichofichwa au kilicho siri ya mtu, kama kuku apekuavyo jaani. Ndani ya neno hili mna kuingilia, na kwa hiyo linadai mwenye kupekua aonyeshe haki yake ya kufanya hivyo.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeijenga haki hiyo kwa uangalifu. Kwa mujibu wa kifungu cha 38, kwa hesabu ya toleo la mwaka 2022, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kupekua, au kumpa askari aliye chini yake idhini ya maandishi apekue, iwapo ana sababu za maana za kushuku kwamba mahali fulani pana kitu kinachohusiana na kosa, na kwamba kuchelewa kutafanya kitu hicho kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Akishatoa idhini, hana budi kumwarifu hakimu sababu zake na matokeo yake. Kifungu cha 40 kinataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya macheo na machweo, ila mahakama ikiruhusu saa nyingine. Kifungu cha 42 kinashughulikia upekuzi wa dharura.

Basi tuitazame sentensi hii, tuliyoitunga kwa mfano: “Usiku tulifanya msako nyumbani kwa mshtakiwa na kukagua chumba chake.” Sentensi ni laini, lakini imefunika kila kitu. Aliyeisoma hawezi kujua kama palikuwa na idhini, kama palikuwa na dharura, wala kwa nini kazi ilifanywa baada ya machweo. Lau ingeandikwa “tulipekua”, neno lenyewe lingemchokoza wakili aulize: kwa idhini ya nani, na saa ngapi? Istilahi nzuri haifichi swali, hulileta mbele.

“Kukamatwa na”

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa imejificha katika sarufi. Tunasema “alikamatwa na askari”, tukimaanisha kwamba askari ndiye aliyemkamata. Tunasema pia “alikamatwa na bangi”, wala hakuna anayefikiri kwamba bangi ilimkamata. Kiungo ni kile kile. Maana ni mbili. Katika mazungumzo hakuna hasara. Lakini iandikwe “walimkamata na bunduki nyumbani kwake”, na msomaji atajiuliza: bunduki ilikuwa mikononi mwa askari, mikononi mwa mtuhumiwa, au uvunguni mwa kitanda ambacho watu wanne hulala chumba kimoja nacho? Hilo ndilo swali la umiliki, ambalo mara nyingi ndiyo kesi nzima. Sentensi imelijibu kabla halijaulizwa.

Tatizo hilo hukuzwa na mazoea ya kulitumia neno kukamata kwa mtu na kwa kitu pia. Tunashauri kukamata kubaki kwa mtu. Kitu kitwaliwe: askari aliona, akatwaa, akaorodhesha. Kuzuia mali kuwe ni kumkataza mwenyewe asiihamishe wala kuiuza wakati shauri linaendelea. Kutaifisha kuwe ni tendo la mahakama la kumwondolea mtu umiliki na kuipa serikali. Magazeti yanapoandika kwamba polisi “wametaifisha” pikipiki siku ile ile ya upekuzi, yamempa askari mamlaka asiyokuwa nayo.

Stakabadhi na hati

Kifungu cha 38 kinamtaka askari aliyetwaa kitu atoe stakabadhi ya kukiri kwamba amekitwaa, yenye saini ya mwenye nyumba, au jamaa yake wa karibu, au mtu mwingine anayepashikilia mahali hapo, pamoja na saini za mashahidi wa upekuzi kama wapo. Sambamba na stakabadhi hiyo pamekuwapo hati ya utwaaji, ambayo watu wengi huiita hati ya ukamataji mali. Mahakama ya Rufani katika baadhi ya hukumu zake imeshikilia kwamba hati si stakabadhi, na kwamba kukosekana kwa stakabadhi kunaudhoofisha ushahidi. Katika hukumu nyingine imeona kwamba hati iliyotiwa saini na mhusika inatosha.

Si kazi yetu kuwaamulia majaji. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba tofauti yenyewe inaeleweka vizuri kwa Kiswahili. Kila mwenye duka anajua stakabadhi ni nini: ni karatasi anayoondoka nayo yule aliyetoa kitu. Hati hubaki na aliyeiandika. Ya kwanza humlinda mwananchi, ya pili huhifadhi kumbukumbu ya ofisi. Mfasiri anayeziita zote mbili “fomu” amewanyima wasomaji wake hoja ambayo mawakili wameibishania mpaka katika mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Hapa pia yafaa tumtaje shahidi anayeitwa “huru”, anayedaiwa na Maagizo ya Jumla ya Jeshi la Polisi, Namba 226. Mwananchi akisikia “shahidi huru” hudhani ni shahidi asiyefungwa. Kinachokusudiwa ni mtu asiye askari wala asiye na masilahi katika jambo lenyewe. “Shahidi asiyehusika” ni refu kidogo, lakini halipotoshi.

Haramu, batili na kisichopokelewa

Sasa tufike kwenye swali la tatu. Maneno “ushahidi haramu” yameenea, nayo yanafanya kazi ya maneno matatu. Kitendo cha askari kinaweza kuwa kinyume cha sheria. Idhini aliyokuwa nayo inaweza kuwa batili. Kitu alichotwaa kinaweza kukataliwa kisipokewe. Moja halileti jingine kwa lazima, na historia ya Afrika Mashariki inatufundisha hivyo kwa uchungu.

Wakati wa hali ya hatari nchini Kenya, mtu aitwaye Kuruma alisimamishwa barabarani akapekuliwa, na polisi wakasema wamemkuta na risasi mbili. Kanuni za wakati huo zilimruhusu kupekua afisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi; waliompekua walikuwa chini ya cheo hicho. Alihukumiwa kifo. Rufani ilifika London, katika Baraza la Malkia, na Desemba 1954 ikaamuliwa kwamba ushahidi ukiwa unahusiana na shauri hupokewa, hata kama njia iliyoupata haikuwa halali, ingawa hakimu anabaki na hiari ya kuukataa usimdhulumu mshtakiwa. Upekuzi ulikuwa kinyume cha sheria, ushahidi ulipokewa. Anayesema “ushahidi haramu” hawezi kulieleza shauri hilo.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1985 ilichukua njia nyingine. Kifungu cha 169 kinasema kwamba pingamizi likitolewa kuwa ushahidi umepatikana kwa kukiuka sheria, mahakama kwa hiari yake kamili haitaupokea, isipokuwa imeridhika kwamba kuupokea kutaleta faida mahsusi na kubwa kwa umma bila kuathiri isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Mzigo wa kuiridhisha mahakama uko kwa anayetaka ushahidi upokewe. Hakimu hupima uzito wa kosa, haraka iliyokuwapo, ukubwa wa ukiukaji, na kama ushahidi ule ule ungeweza kupatikana kwa njia halali. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 50, inaamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ukataliwe iwapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji haki.

Wafasiri na waitazame kwa makini sana miundo ya kauli hizi. Kusema “mahakama haitapokea isipokuwa” si sawa na kusema “mahakama inaweza kukataa iwapo”. Katika kauli ya kwanza mlango umefungwa, na anayetaka kuingia ndiye atafute ufunguo. Katika ya pili mlango u wazi, na mshtakiwa ndiye asukume kuufunga. Mfasiri akiteleza hapo, amehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine bila Bunge kujua.

Vilevile tuliache neno kukubali. “Mahakama imekubali ushahidi” yaweza kuwa imeupokea tu, au imeuamini kabisa. Kupokea ni kuingiza kielelezo katika kumbukumbu; kuamini ni kupima uzito wake mwishoni. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani, ikiwa Dodoma, ilieleza kwamba kielelezo kiwe na kumbukumbu za mfululizo tangu kutwaliwa, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa mpaka kuletwa mahakamani. Kielelezo kilichopokewa bado chaweza kukosa kuaminiwa kwa kukatika kwa mfululizo huo, hasa kikiwa ni kitu chepesi kubadilishwa, kama kete za unga.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba wananchi wamezoea “kukamatwa na bangi”, na kwamba lugha ni ya wananchi. Ni kweli, nasi hatutaki kuwasahihisha sokoni. Lakini hati ya mashtaka si soko. Mwananchi yule yule akisimama kizimbani anastahili sentensi inayotenganisha alichokutwa nacho mkononi na kilichokutwa karibu naye.

Kwa hiyo tunapendekeza upekuzi, utwaaji, uzuiaji na utaifishaji viwekewe mipaka katika tafsiri za sheria. Stakabadhi itofautishwe na hati. Na kupokea kusichanganywe na kuamini. Walimu wa uraia wanaofundisha Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 wawaeleze wanafunzi kwamba “maskani” inayolindwa humo ni makazi ya mtu, si kijiwe cha vijana. Watumishi wa serikali wanaoandika taarifa wajiulize kila mara: je, sentensi hii ikisomwa na jaji miaka mitano ijayo, atajua nani alifanya nini, kwa idhini gani, na saa ngapi? Akikosa kujua, kosa halitakuwa la Kiswahili.