Kona ya Kushoto ya Nikolaj Jacobsen

Winga wa mpira wa mikono hukaa mbali na vurugu. Uwanja una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, na kazi yake iko kule pembeni kabisa, mstari wa goli unapokutana na mstari wa pembeni. Wenzake wanagongana na ukuta wa wapinzani katikati, yeye anasubiri. Mpira ukimfikia, lango la mita 3 limeshabaki ufa tu, maana kipa amebana mlingoti wa karibu. Sehemu kubwa ya mchezo kazi yake ni kutazama. Nikolaj Jacobsen, Mdenmark aliyezaliwa Viborg mwaka 1971, alikaa kwenye kona ya kushoto miaka mingi, na mimi naamini ukocha wake ulianzia hapo.

Mtazame winga hodari anavyofunga. Anapokea mpira, anapiga hatua, anaruka kuingia eneo la mita 6. Sheria inamkataza kulikanyaga eneo lile, lakini haimkatazi kupaa juu yake, ilimradi mpira umtoke kabla hajatua. Kwa hiyo haruki kulifuata goli. Anaruka kuelekea katikati, kwa sababu kila kipande cha hewa anachokivuka kinamfungulia lango zaidi. Kipa anatanua mikono na kunyanyua mguu. Winga mchanga huachia mpira hapo. Aliyekomaa anabaki nao angani mpaka kipa ajitangulize yeye, aoneshe anakokwenda, ndipo kiganja kinafanya kazi. Vidole vina gundi, mpira unanata, hivyo anaweza kuusokota utoke unazunguka, udunde kando ya mguu wa kipa, halafu ukate kona na kuingia golini. Yote hayo yanakwisha kabla mtazamaji hajavuta pumzi. Kwangu hakuna kitu kizuri zaidi katika mchezo huu, na nasikitika kwamba vijana wetu wanaoucheza kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, hawapati nafasi ya kutosha ya kukiona kikifanywa na mabingwa.

Jacobsen alikifanya kwenye klabu ya THW Kiel kuanzia 1998 hadi 2004, chini ya kocha Noka Serdarušić, na akabeba ubingwa wa Ujerumani mwaka 1999, 2000 na 2002. Dhahabu na timu ya taifa hakuipata. Wanaume wa Denmark walipotwaa ubingwa wao wa kwanza wa Ulaya, mwaka 2008, yeye hakuwamo tena kikosini.

Kama kocha alishinda ligi ya Denmark na Aalborg mwaka 2013, kisha mwaka 2014 akaenda Rhein-Neckar Löwen ya Ujerumani. Aliwakuta wana kidonda kibichi: msimu uliotangulia walikosa ubingwa kwa tofauti ya mabao 2 tu, nao ukaenda Kiel. Mwaka wake wa kwanza wakawa wa pili tena. Mwaka 2016 wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu. Winga wao wa kushoto alikuwa Uwe Gensheimer, mtu ambaye kiganja chake kilikuwa gumzo la Ulaya nzima. Majira yale yale Gensheimer akahamia Paris. Kwa timu nyingi ule ungekuwa mwisho wa sherehe. Löwen walimchukua Guðjón Valur Sigurðsson wa Iceland, aliyekuwa na miaka 37, na mwaka 2017 wakabeba ubingwa tena.

Mwaka 2016 pia sheria ilibadilika: kocha akaruhusiwa kumtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa saba bila kumvika fulana ya kipa. Faida yake inaonekana, na hatari yake pia inaonekana, kwa kuwa ukipoteza mpira mpinzani anaurusha kutoka nusu yake na kulikuta goli tupu. Wapo makocha waliolikimbilia jambo hili pale tu walipozidiwa. Jacobsen alilifanya silaha ya kawaida, kwa kuwa alikuwa na Andy Schmid wa Uswisi, mchezeshaji ambaye pasi zake hazikuwa za kubahatisha. Washambuliaji saba wakikabili mabeki sita, lazima mmoja abaki huru, na ukuta ukijikusanya katikati, anayebaki huru ni yule wa kona. Winga wa zamani alikuwa amepata njia ya kuwapelekea mawinga mpira.

Mwaka 2017 alipewa timu ya taifa, akaibeba pamoja na klabu hadi 2019. Denmark ilikuwa imepoteza fainali za dunia za 1967, 2011 na 2013. Mwaka 2019, nyumbani Herning, iliifunga Norwei 31 kwa 22.

Mwaka mmoja baadaye mabingwa hao wa dunia walitolewa hatua ya makundi kwenye mashindano ya Ulaya. Walifungwa na Iceland kwa tofauti ya bao 1, wakatoka sare na Hungaria. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Hakukivunja kikosi. Niklas Landin alibaki golini, Mikkel Hansen akabaki kwenye ushambuliaji, na kabla mwaka 2020 haujaisha Mathias Gidsel, kijana mwembamba ambaye nje ya Denmark wachache walimjua, alikuwa ameitwa. Januari 2021, kwenye Kombe la Dunia huko Misri, robo fainali dhidi ya wenyeji iliingia dakika za nyongeza mara mbili, kisha penalti, na Denmark ikapita 39 kwa 38. Penalti ya mwisho ilipigwa na Lasse Svan, winga. Fainali waliifunga Uswidi. Mwaka 2023, katika fainali ya dunia mjini Stockholm, wakaifunga Ufaransa 34 kwa 29.

Si kwamba hakufungwa tena. Ufaransa ilimnyima dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021, ikamnyima ya Ulaya mwaka 2024 katika dakika za nyongeza. Miezi michache baadaye, mjini Lille, Ujerumani ilifungwa 39 kwa 26 katika fainali ya Olimpiki. Gidsel peke yake alifunga 11.

Kocha ana dakika moja tu akiomba mapumziko, na haki ya kuyaomba mara tatu kwa mchezo. Anaweka kadi ya kijani mezani, saa inasimama, wachezaji wanamzunguka wakihema. Jacobsen si mpole pale kando, sauti yake inafika mbali. Lakini ukitazama mchezo unaporudi, utaona alichowapa ni kidogo na kinafanyika: mpira unazunguka, ukuta unavutwa upande mmoja, na upande wa pili kuna mtu amesimama peke yake.

Hansen na Landin waliondoka baada ya Lille. Januari 2025 Denmark ilishinda mechi zake zote 9 za Kombe la Dunia: Brazil 33 kwa 21 katika robo fainali, Ureno 40 kwa 27 katika nusu, Kroatia 32 kwa 26 katika fainali. Golini alikuwa Emil Nielsen, na Gidsel akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Tangu Jacobsen achukue timu hii hadi fainali hiyo, ilikuwa imecheza mechi 37 za Kombe la Dunia bila kupoteza hata moja.