Charles Ameponyoka: Hisia za Msomaji wa Kawaida katika Upokezi wa Riwaya za Kezilahabi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumtaja msomaji pale tu anapotakiwa kufundishwa jambo. Kazi huchambuliwa kwa dhamira, wahusika, mandhari na lugha, kisha msomaji hupewa ujumbe kama mgeni anavyopewa chakula kilichokwisha kupakuliwa. Yule anayesoma jioni baada ya kazi, asiye na mtihani wala tasnifu mbele yake, hana nafasi katika mpangilio huo. Kauli zake ni fupi: kitabu kimemhuzunisha, kimemuudhi, au kimemchosha akakiacha. Kauli hizo hupuuzwa kwa hoja kwamba ni hisia, si uhakiki. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi kuzitupa.

Nadharia ya Upokezi, hasa katika kazi za Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, ilimrudisha msomaji katikati ya uhakiki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, msomaji wa Iser ni nafasi iliyomo ndani ya matini; hapandi basi wala hasinzii. Uhakiki unaoazima istilahi zake bila tahadhari huishia kumchambua mhakiki mwenyewe kwa jina la msomaji.

Tofauti hiyo inadhihirika katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Usomaji uliozoeleka huiweka riwaya hii chini ya dhamira ya malezi: Zakaria, baba mlevi, anambana binti yake kwa ukali, Rosa anapokuwa masomoni, mbali na fimbo ya baba, anapotoka, mwisho anajiua. Usomaji huo una ushahidi wa kutosha, kwani kipigo anachopata Rosa kwa sababu ya barua ya Charles ni miongoni mwa matukio yanayoelekeza msuko wote. Lakini msomaji wa kawaida anaweza kukifunga kitabu akiwa na hasira na mtu mwingine kabisa. Charles huyohuyo wa barua ndiye anayemwacha Rosa baada ya kugundua kwamba si bikira. Kwa lugha ya barazani, Charles ameponyoka.

Lalamiko hilo likirejeshwa kwenye matini, linagusa jambo la muundo. Baada ya vifo vyao, Rosa na Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu na kulaumiana. Charles, aliye hai, hayumo. Riwaya imeipanga kesi kuwa ya baba na binti, na mhakiki wa malezi huifuata orodha hiyo ya washtakiwa kana kwamba kweli imeshuka kutoka mbinguni. Kipimo cha ubikira, ambacho ndicho kinachomsukuma Rosa kwenye kifo, hakisomewi shtaka. Kama pengo hilo ni upungufu wa riwaya au ni kejeli yake kali zaidi ni suala linalostahili mjadala. Dhamira ya malezi peke yake haiwezi hata kuliuliza.

Hisia, bila shaka, haijithibitishi yenyewe. Rosa Mistika iliwahi kuzuiwa shuleni nchini Tanzania, na katazo hilo nalo lilikuwa hisia ya msomaji, ila msomaji mwenye mhuri. Aliyeudhiwa na Charles na aliyeudhiwa na kitabu kizima hawatofautiani kwa ukali wa hisia. Wanatofautiana katika kile kinachobaki pale kila mmoja anapotakiwa kuonyesha ukurasa.

Uchovu ni mgumu zaidi kuutetea. Msomaji aliyeipenda Rosa Mistika akafungua Nagona (1990), kitabu chembamba kisichofika kurasa mia, anakutana na safari isiyo na ramani na majina ya wanafalsafa wa Ulaya yanayotembea kama wahusika. Wengine hukiweka chini mapema. Mhakiki huwahi kuwalaumu kwa uvivu, ilhali upeo wa matarajio unaovunjwa na Nagona ulijengwa, kwa sehemu, na mwandishi huyohuyo alipowazoesha wasomaji kisiwa cha Ukerewe, familia yenye majina na kosa lenye matokeo. Anayekifunga kitabu kwenye ukurasa wa kumi ameupokea mvunjiko huo barabara, ijapokuwa hakuna safu ya fani wala ya maudhui ambamo ukurasa huo wa kumi huandikwa.