Hukumu ya Sikio

Sikio halina kope. Jicho likichukizwa hufumbwa, lakini sikio hupokea kila kinacholifikia, kizuri na kibaya, usiku na mchana. Kwa hiyo mtu atiaye chombo ndani ya sikio lake, akakiacha kimwimbie saa nyingi, yampasa ajue kukihukumu. Chombo ninachotaka kukijadili hapa ni kipokea sauti cha masikioni, kile kidogo kiingiacho katika tundu la sikio. Vijana wengi wanacho, na wachache wamejiuliza kama kinasema kweli.

Kusema kweli ndilo jambo la kwanza katika hukumu hii. Kipokea sauti ni mjumbe baina ya mwimbaji na msikilizaji. Mjumbe mwema hufikisha salamu kama alivyopewa; mjumbe mbaya hupiga kelele penye mnong'ono, na humeza maneno penye habari kubwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde, ambayo ni sauti nzito mno, hata kama 20,000 kwa sekunde, ambayo ni nyembamba mno. Chombo chema hugawa haki baina ya sauti hizo zote.

Walakini haki hiyo si rahisi kuipata. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, nalo, mfano wa mwanzi wa filimbi, hukuza sauti zilizo karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde kabla hazijafika kwenye ngoma ya sikio. Ubongo umeizoea hali hiyo. Kipokea sauti kikiziba tundu, hali huvurugika, na mtengenezaji hana budi kurudisha kwa ufundi kile alichokiondoa kwa kuziba. Asipokirudisha, mwimbaji husikika kama yuko nyuma ya pazia. Akikirudisha kupita kiasi, kila neno lenye herufi ya s huchoma sikio kama sindano.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 1983 Mead Killion, mtaalamu wa vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri, alianzisha huko Marekani kampuni iitwayo Etymotic Research, jina lililotungwa kwa Kigiriki kwa maana ya kuwa kweli kwa sikio. Mwaka 1991 kampuni hiyo ilitoa kipokea sauti kilichoitwa ER-4. Kilitumia kitoa sauti cha jamii ile itumikayo katika vifaa vya wasiosikia vizuri, na ncha yake ya mpira ilizama ndani sana, ikazuia kelele za nje.

Sifa yake ilikuwa uwazi. Katika wimbo wa taarabu wenye ala nyingi, udi haukupotea ndani ya fidla, na pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti ilisikika kama pumzi. Kasoro zake nazo hazikufichika. Uzi wake ukisuguana na nguo, msuguano ulipanda hadi sikioni. Wako waliochukizwa na kuzama kwake, na wako walionung'unika kwamba ngoma zake zasikika lakini hazipigi. Mwaka 2016 kampuni ikatoa warithi wawili: mmoja wa mwendo ule ule, wa pili mwenye sauti nzito zilizoongezwa.

Je, nyongeza hiyo ni uongo wa mjumbe? Nathubutu kusema kuwa si uongo, ikiwa ni ndogo. Ngoma ikipigwa chumbani, kuta huzidisha uzito wake na kifua cha msikilizaji hutikisika. Kipokea sauti hakina kuta wala hakigusi kifua. Kuongeza kidogo ni kulipa deni. Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, katika majaribio ya miaka ya 2010, waliona kuwa wasikilizaji wengi hupendelea sauti yenye mizani na uzito kiasi chini yake. Lakini vipo vipokea sauti vingi sokoni ambavyo besi yake hufunika gitaa, ikafunika na maneno ya wimbo. Hicho ni chombo kilichodhulumu wengi kwa kumpendeza mmoja.

Hakimu naye hupaswa kuhukumiwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na msikilizaji huvutia upande wa fedha zake: akinunua ghali, husikia uzuri. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kuwa watu wale wale huzipa spika alama tofauti wanapoziona na wanaposikiliza bila kuziona. Kwa vipokea sauti vya masikioni kuficha ni kugumu zaidi, maana sikio hutambua umbo la kilichoingia. Hata hivyo bei na jina vyaweza kufichwa.

Aidha yapasa kuhakikisha kuwa ncha imeziba sawasawa, kwa sababu upenyo mdogo huvujisha sauti nzito, na anayehukumu bila kuziba anahukumu upenyo. Kisha vyombo viwili vinavyoshindanishwa visikilizwe kwa nguvu sawa. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kuwa sauti ikiwa ndogo, sikio hupungukiwa zaidi na zile nzito. Basi chenye nguvu zaidi huonekana chema hata kama si chema. Mwisho, kipimo kiwe sauti unayoijua: wimbo uliouzoea, au sauti ya mama yako iliyorekodiwa. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, na rekodi za zama zile zina mikwaruzo. Chombo kikikuletea mikwaruzo pamoja na uimbaji, usikilaumu, kimetimiza ujumbe.

Pengine mtu atasema kuwa haya ni mambo ya anasa. Sivyo. Kijana aliye ndani ya matatu, mwenye chombo kisichoziba wala kufafanua maneno, huongeza nguvu ili asikie. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa mazoea ya kusikiliza kwa nguvu. Kwa kipimo chake, mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Zikifika desibeli 90, saa hizo hushuka hadi 4. Seli za ndani ya sikio zinazopokea mitetemo zikifa hazioti tena.

Basi chombo chema ni kile kinachokuwezesha kusikia maneno yote kwa sauti ndogo. Kipime kwa kipimo hicho kwanza, na mengine yafuate. Chombo kibovu chaweza kubadilishwa dukani. Sikio halina duka.