Maneno ya Pekee, na Yale Yaliyoachwa

Haji Chum wa Makunduchi si jina linalotajwa sana huku bara. Wanaomjua wanamjua kwa Utenzi wa Vita vya Uhud, alioukusanya yeye, ukahaririwa na H. E. Lambert na kuchapwa mwaka 1962. Mimi nataka kuzungumzia kitabu chake kingine, Msamiati wa Pekee wa Kikae, kilichotoka Uppsala, Sweden, mwaka 1994. Kikae ndicho hicho Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja.

Nguvu yake ni kwamba mwenye lugha ndiye aliyeshika kalamu. Sisi wa bonde la Kilombero tunajua kinyume chake. Kamusi ya Kipogoro ya Padri Hendle ilitoka Berlin mwaka 1907, Maji Maji ndiyo kwanza inazimwa, na maana zake ni za Kijerumani. Mpogoro wa Mahenge aifungue ili iweje?

Ila nina ugomvi na hilo neno "pekee". Kuchagua maneno ambayo Kiswahili sanifu hakinayo kunaonyesha tofauti, sawa, lakini jamani, nani anaishi kwa tofauti zake tu? Chukua Mwaka Kogwa, sherehe ya Makunduchi ya kila Julai: kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanaume wanachapana kwa migomba, wanawake wanaimba. "Kogwa" lina haki ya kuingia, maana wengi wetu tunasema kuoga. Kibanda, moto na mgomba ni vya kila Mswahili, basi vinabaki nje, na bila hivyo hakuna sherehe.

Sasa lete kipimo hicho Ifakara. Msimu wa mpunga familia nzima huhamia shambani, ikalala kwenye dungu, juu ya nguzo, chini tope na maji. Dungu limo katika Kiswahili, kwa hiyo lingeachwa! Zingeachwa pia hadithi wanazopewa watoto humo usiku. (Mbu wa bonde hili wamepata watafiti tangu miaka ya 1950. Kindamba kimepata wachache mno.)

Makunduchi walipata kamusi nyingine, ya BAKIZA, mwaka 2012. Kijana wa kwetu mwenye daftari asianze na maneno ya ajabu. Aanze na dungu, amuulize bibi linajengwaje, kila mti na jina lake, na nani alikatazwa kulala humo.