Kitendawili Kama Orodha ya Pamoja: Mfuatano, Makosa na Mji

Miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi ya Kiswahili, kitendawili ni miongoni mwa zile zilizokusanywa sana na kuhakikiwa kidogo. Ngano zimechambuliwa kwa wahusika na miundo yake, mashairi ya malumbano yamepata wahakiki wake, na methali zimefafanuliwa kwa wingi. Kitendawili kimeketishwa upenuni pamoja na watoto. Fasili inayorudiwa katika vitabu vya kiada ni kwamba kitendawili ni swali la fumbo linalodai jibu, na baada ya fasili hiyo hufuata orodha: kitendawili kushoto, jibu kulia, vyote vimepangwa kwa alfabeti au kwa mada. Makala haya yanadai kwamba orodha hiyo ya vitabuni, ingawa imehifadhi mengi, imeifunika orodha nyingine iliyo muhimu zaidi, yaani ile wanayoiunda wachezaji wenyewe kwa zamu, papo kwa papo, pasi na yeyote kati yao kuweza kudai kuwa ni yake. Kitendawili kimoja ni kipande tu. Kazi ya sanaa ni kikao kizima.

Ushahidi wa kwanza umo katika msamiati wa mchezo. Mtegaji hutamka "Kitendawili!" na hadhira humwitikia "Tega!" Kitenzi hiki ni cha wawindaji: mmoja hutega mtego, mwingine huutegua. Lakini yafaa kutazama ni nani anayetoa amri. Mtegaji hana idhini ya kutega mpaka aambiwe atege. Wale watakaonaswa ndio wanaoagiza mtego. Ngano nayo ina "Paukwa" na "Pakawa" yake, ila baada ya itiko hilo hadhira humwachia fanani uwanja kwa kitambo kirefu. Katika vitendawili itiko hurudi kila mara, na jibu likishapatikana zamu huweza kumhamia mwingine. Kila mchezaji, basi, huongeza kipengee kimoja katika mfululizo ulioanzishwa na wenzake. Kile kilichokwisha kuteguliwa hakina ladha kikirudiwa katika kikao hichohicho; kwa hiyo anayepokea zamu hulazimika kukumbuka yote yaliyotangulia kabla ya kuongeza lake.

Wataalamu wa ng'ambo walioshughulikia utanzu huu hawakukosa kuona sehemu za jambo hili, lakini kila mmoja alishika upande wake. Robert Georges na Alan Dundes, katika makala yao maarufu ya mwaka 1963, walitafuta fasili ya kimuundo: kitendawili ni maelezo yenye kipengele kimoja au zaidi, pengine vinavyopingana, na kinachoelezwa hakina budi kubahatishwa. Fasili hiyo inatosha kwa kitendawili kilichokatwa na kuwekwa juu ya meza ya mchunguzi. Miaka miwili kabla yao, John Blacking alikuwa ameonyesha, kwa mifano ya Wavenda wa Afrika Kusini, kwamba sifa ya mchezaji inatokana na kuvijua vitendawili kuliko kuvifumbua kwa akili. Lee Haring naye, mwaka 1974, aliitalii mifano ya Afrika kwa upana zaidi, akasisitiza kwamba aghalabu jibu halitafutwi kwa kufikiri. Jibu linajulikana, au halijulikani. Hoja ya Blacking na Haring ni nzito, na yeyote aliyekulia katika mchezo huu ataikubali. Hata hivyo inazua swali lililohitaji kuendelezwa: ikiwa jibu lilikwisha kuwekwa na jamii tangu zamani, wachezaji wanaunda nini wanapokutana jioni? Kama ni kukaririshana tu, mchezo huu ungekuwa darasa, wala usingependwa hivyo.

Wanachounda ni mfuatano. Chukua vitendawili vitatu vinavyojulikana sana: "Nyumba yangu haina mlango", jibu lake yai, "Nyumba yangu ina nguzo moja", jibu lake uyoga, na "Nyumba yangu kubwa haina taa", jibu lake kaburi. Katika mkusanyo uliopangwa kwa mada, vitatu hivi hutawanyika: cha kwanza chini ya ndege au vyakula, cha pili chini ya mimea, cha tatu chini ya mauti. Katika mkusanyo wa alfabeti hukutana, lakini kwa bahati tu, kama abiria waliokata tikiti za viti jirani. Katika kikao, mambo ni mengine. Mmoja akitega cha yai, mwenzake akakumbushwa na neno "nyumba" akatega cha uyoga, na wa tatu akafunga kwa kaburi, hapo imejengwa mitaa mitatu ya mji mmoja. Kila mlango uliokosekana, kila nguzo iliyo peke yake, kila taa isiyowaka inaongeza maana kwa iliyotangulia. Msikilizaji amepelekwa kutoka nyumba ambamo kiumbe hutoka hadi nyumba ambamo kiumbe huingia asitoke, na katikati ameonyeshwa kimea kinachochipuka baada ya mvua na kutoweka upesi. Hakuna aliyeutunga utungo huo. Mtu wa kwanza hakujua wa tatu atasema nini. Na lau wa tatu angetega "Popoo mbili zavuka mto", jibu lake macho, kikao kingegeukia njia nyingine kabisa, bila kosa lolote kutendeka.

Sehemu ya pili ya orodha hii ni majibu yaliyokataliwa. Vitabu vyetu huyatupa kana kwamba ni makapi. Lakini mtu akitegewa "Nyumba yangu haina mlango" akajibu "Kaburi", je, amesema upuuzi? Kaburi ni nyumba katika mazungumzo ya Waswahili, na kweli halina mlango. Jibu hilo lina mantiki yote isipokuwa idhini ya mapokeo. Mtegaji atalikataa, na ni haki yake. Lakini neno limekwisha kutamkwa na wote wamelisikia. Anayengoja zamu yake sasa anacho kitu mkononi: anaweza kuliokota kaburi lililokataliwa na kulitegea kitendawili chake lenyewe. Kwa njia hii kosa la mmoja huwa mbegu ya hatua inayofuata. Hapa ndipo hoja ya Haring inapohitaji kukamilishwa. Ni kweli kwamba jibu halali ni moja na limehifadhiwa katika kumbukumbu. Lakini majibu yasiyo halali ni mengi, ni mapya kila kikao, na ndiyo yanayosukuma mchezo mbele. Mapokeo hutoa jibu. Wachezaji hutoa makosa, na makosa ndiyo mchango wao wa kisanaa.

Sehemu ya tatu ni mji. Hadhira ikishindwa kabisa, mtegaji hudai, "Nipeni mji." Wao humtajia mji, naye akiupenda huupokea, na asipoupenda huukataa akadai mwingine. Akishapokea, aghalabu husimulia safari yake ya huko, alivyopokewa, alichokula, mambo aliyoyaona, kisha ndipo afichue jibu. Wengi wameliona jambo hili kama adhabu au kama pambo la kuchelewesha. Uzito wake ni mkubwa kuliko hivyo. Kwanza, hadhira hulipia kutojua kwake kwa kitu inachokijua: haikujua jibu, lakini yajua jina la mahali. Pili, miji inayotajwa mmoja baada ya mwingine, ile iliyokubaliwa na ile iliyokataliwa, ni orodha ya pamoja ya dunia kama wanavyoifahamu wachezaji hao. Watoto wa kisiwani watatoa bandari. Watoto wa bara watatoa miji ya barabarani na ya reli. Atakayeandika miji ya vikao kumi katika sehemu mbili tofauti atakuwa amechora ramani mbili zisizopatikana katika kitabu chochote cha jiografia. Tatu, kushindwa hakumtoi mtu mchezoni. Anayekosa hutoa, na anayepata hupokea kisha hulazimika kulipa kwa hadithi na kwa jibu. Mchezo umejengwa hivi kwamba ujinga wa mmoja huwa mali ya wote.

Wala jambo hili haliko kwa Waswahili peke yao. Miongoni mwa Wagikuyu, mtegaji husema "Gwata ndaĩ!" na mwenzake huitikia "Ndagwata", yaani amekubali kukishika anachorushiwa. Zaidi ya hayo wao walikuwa na gĩcaandĩ, utungo wa mafumbo ulioimbwa na malenga wawili kwa kupokezana, huku kibuyu chenye alama zilizochongwa kikiwa mkononi. Vittorio Merlo Pick alichapisha maandishi yake mwaka 1973, naye Kimani Njogu, mwaka 1997, aliuhakiki utanzu huo kwa kuangalia wingi wa sauti zilizomo ndani yake. Gĩcaandĩ ni ushahidi mzito kwa hoja ya makala haya, kwa kuwa hapo mfululizo wenyewe ndio uliopewa jina, ndio ulioheshimiwa kuwa sanaa, na ndio uliochongewa chombo. Hakuna awezaye kukata fumbo moja la gĩcaandĩ akadai kuwa ameuonyesha utungo wote. Kwa nini basi ionekane halali kufanya hivyo kwa vitendawili vya Kiswahili?

Madhara ya kufanya hivyo hayakuishia katika maktaba. Kuanzia 1985 hadi 2023, mtahiniwa wa darasa la nane nchini Kenya aliweza kukutana na kitendawili katika karatasi ya Kiswahili kikiwa na majibu manne chini yake, achague moja. Hiyo nayo ni orodha, lakini ni orodha iliyopinduliwa. Makosa matatu yametungwa na mtahini mmoja, kimya kimya, kwa nia ya kunasa. Hakuna aliyesema "Tega". Na anayekosa hatoi mji, hupoteza alama. Mtoto aliyeona kwamba kaburi nalo halina mlango aliadhibiwa kwa kuona. Mtihani huo umepita, na mtaala wa umilisi umechukua nafasi yake, lakini mazoea ya kitabu hayafi pamoja na mtihani. Mwalimu akiendelea kuandika ubaoni safu mbili, ya swali na ya jibu, jina la mtaala halitabadilisha kitu.

Yaweza kupingwa kwamba hoja hii inautukuza mchezo kupita kiasi. Kikao nacho kina ubabe wake: mtegaji mkubwa kwa umri huweza kukataa mji baada ya mji kwa kujifurahisha, na mtoto mwenye haya huweza kukaa jioni nzima bila kupata zamu. Ni kweli, na mhakiki asiyeyaona hayo atakuwa anaandika sifa badala ya uhakiki. Yaweza pia kusemwa kwamba lau si wakusanyaji na safu zao mbili, vitendawili vingi vingekwisha kupotea. Hilo pia ni kweli. Lakini aliyehifadhi kete zote za bao bila kueleza jinsi zinavyochezwa amehifadhi mbegu za mti tu. Shukrani kwa mkusanyaji haiondoi wajibu wa kumwambia alichokiacha.

Alichokiacha kinaweza bado kuokotwa, na kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Anayekwenda nyanjani na ayaandike mambo matano kwa kila kitendawili: kilichotegwa kabla yake, majibu yaliyokataliwa, miji iliyokataliwa, mji uliopokelewa pamoja na safari yake, na kitendawili kilichofuata. Mwalimu naye, badala ya kuuliza "Jibu ni lipi?", na aulize "Baada ya hiki, wewe utatega kipi?" Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo atakuwa amesikiliza, amekumbuka, amepima uhusiano wa sitiari moja na nyingine, kisha ameongeza lake. Hayo ndiyo mambo ambayo mhakiki wa fasihi hujifunza kwa miaka mingi chuoni, na ambayo wachezaji wa vitendawili wamekuwa wakiyafanya jioni baada ya jioni bila kuyapa jina.